Safari ya Chikwanga Moja

Papa wangu,

Leo nimeandika majina mawili kwenye telefone: Kinshasa ninapokaa, Goma aliko Mama. Ikanijibu mbio, kilomita hizi, saa za ndege hizi, hata jasho haikutoka. Nikaitupa kitandani kwa hasira. Saa za ndege! Wewe, mtu wa Walikale, njia uliipima kwa chakula kinacholiwa ndani yake.

Wakwe zako pale Kingi, kijijini kwa Mama, walikucheka: "Muntu wa pori huyu, anapima inchi na tumbo!" Nawe ukawajibu: "Tumbo haidanganye." Ukisema shamba ni safari ya nusu chikwanga, mkate wetu wa muhogo, kweli tulifika nusu ikiwa bado kwenye majani yake.

Halafu ikaja asubuhi ile ya masasi, bunduki zikilia kila upande. Mama alikuwa ameenda Goma kuuza maharagi. Nyumba ya jirani ilikuwa inawaka, watu wanapiga kelele ndani. Ulinishika mkono, ukachukua chikwanga moja, tukakimbia kuelekea Sake, njia ya Goma.

"Papa, Sake iko mbali?"

"Hapana. Chikwanga moja tu."

Uongo mtupu! Njia ile niliijua. Ulikuwa unanikatia vipande vidogo kama ukucha ili chikwanga isiishe kabla ya njia, nami nikavitafuna polepole ili nikusaidie kudanganya.

Kwenye miti ya mikaratusi walitoka wanaume na mapanga. Hawakuuliza jina wala kabila. Walikukata shingoni, wakakukata tena ukiwa chini. Nikamrukia mmoja, nikamuuma mkono mpaka damu yake ikajaa kinywani mwangu. Akanitupa mferejini, wakaniacha wakidhani nimekufa.

Nilipotambaa kukurudia, kipande cha mwisho kilikuwa bado mkononi mwako. "Kula," ukasema. "Bado kidogo unafika." Nikakila, Papa, na damu yako juu yake. Ulipokwisha kunyamaza nilikufunika kwa mawe, chini ya jiwe kubwa lililopasuka katikati, nikatembea peke yangu mpaka Sake. Mpaka leo nikiona mtu ameshika panga, hata la kukatia majani, ninavuka barabara. Ninawachukia. Padri anasema nisamehe. Asamehe yeye.

Jana Mama alinipigia kutoka Goma. Sauti imebaki nyembamba, daktari amemwambia ajitayarishe. "Sitaki kufa mbele ya kumuzika bwana yangu," akasema. "Pale alianguka, ni weye tu njo unajua."

Basi ninakuja. Ndege hazitui tena Goma, nitashukia nchi jirani, nivuke mpaka niingie Goma kwa Mama, nipite Sake, halafu miguu. Wenye bunduki bado wamejaa njiani. Wanikute! Meno ninayo bado.

Usiniulize telefone inasemaje juu ya njia hiyo. Haisemi kitu.

Asubuhi nimenunua chikwanga sokoni, moja, nikaifunga kwenye kitenge. Kisha nikampigia Mama. Akaniuliza, akihema: "Mutoto yangu, uko mbali?"

"Hapana, Mama. Chikwanga moja tu."

Aliishi na wewe miaka mingi, kipimo chako anakijua. Halafu nikamsikia akilia, akasema: "Basi ukatekate kidogo-kidogo. Nitakungojea."

Lala bado kidogo, Papa, tunakuja kukutoa barabarani.

Binti yako, uliyemlisha mpaka mwisho wa njia