Darubini Niliyoisugua kwa Majivu

Mjukuu wangu Lusajo,

Unaendeleaje na baridi ya Iringa? Huku Mbeya sisi ni wazima, na ng'ombe wa mama yako amezaa. Usicheke ninapokuita mjukuu. Mimi ni dada wa babu yako, ingawa nimemaliza darasa la saba juzi tu.

Umeniuliza kwa nini darubini iliyo juu ya bunduki ya baba yangu imekwaruzwa. Ni mimi niliyeikwaruza. Macho ya baba yalikuwa yamepungua nguvu, na nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mahindi. Alitafuta darubini hadi mjini Makongolosi akapata moja tu, nyeusi ya kung'aa. Bunduki yake ni ya zamani, chuma chake kimepauka. Alipozishika pamoja akasema, "Hizi haziwezi kuoana," akaifungia darubini kabatini.

Alipokwenda kanisani nilifunika vioo kwa kitambaa, nikaisugua kwa majivu na mchanga kama sufuria, mpaka weusi ukatoka.

Aliporudi aliigeuzageuza mkononi. Nilitazama chini.

"Atupele, hiki ni chombo cha jikoni?"

"Hapana, baba."

"Basi mbona umekiosha?"

Akacheka peke yake, akaleta bisibisi, akaifunga juu ya bunduki.

"Tazama wewe kwanza. Nguruwe wako wapi?"

Sikuwatafuta nguruwe, Lusajo. Niliifuata kwa darubini barabara ya Iringa mpaka ilipopotelea kilimani, nikikutafuta wewe.

Bibi yako mdogo,
Atupele