Kambi Isiyofika Gari

Busisi,
Jumatatu, 10 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwanza kabla hujasoma zaidi. Barua yako ilinifika mwaka jana wakati wa kuvuna mpunga, na mpaka leo sijaijibu. Sikuugua, wala kalamu haikupotea. Sababu ipo, utaikuta huko chini. Naandika badala ya kupiga kwa kuwa simu yako huipokea Luhende, na kaka yangu akishajua jambo, Misungwi nzima imejua. Goti lako linaendeleaje? Dawa ya kuchua bado ipo? Sisi hatujambo. Jonathan yuko kwenye mashine ya kukoboa kama kawaida, anarudi amejaa pumba mpaka kwenye kope. Faith anaongea hata usingizini, na kuku uliyemletea sasa ana vifaranga saba.

Sasa mama, usicheke. Nataka kwenda kulala mlimani.

Ni ule mlima wa mawe nyuma ya kijiji chetu. Juu kuna kambi, ndivyo wanavyoiita, lakini ni uwanja tu kati ya mawe makubwa. Gari halifiki. Hata pikipiki inaishia shamba la mwisho la mihogo, na kutoka hapo ni miguu kwa masaa matatu. Wageni kutoka Mwanza hushukia kwenye meza yangu ya maandazi, nami nimekuwa nikiwachunguza tangu Pasaka. Wamebeba nini humo mizigoni? Mbona wanapanda wamenuna na kushuka wanacheka? Na choo je? Nilimuuliza Machibya, anayewaongoza, akanijibu kwamba choo ni shimo lenye ukuta wa nyasi na upepo wa bure. Maji yanachuruzika kwenye ufa wa jiwe, ndoo moja unaikinga mpaka maharage yaive. Duka hakuna, ukisahau chumvi unakula bila chumvi. Akaniuliza kama namkimbia mume. Nikamwambia mume ndiye atakayenifungia mzigo.

Tangu hapo sijatulia. Nimeazima hema lake nikalisimamisha uani. Upande mmoja ulianguka, kuku wako akaingia na watoto wake, akagoma kutoka. Nimejipima pumzi kwa kubeba ndoo ya mchanga mpaka kanisani na kurudi. Mzee wa kanisa alidhani najenga. Bado najiuliza mengi. Yale mawe yanabaki na joto la jua mpaka saa ngapi? Ziwa linaonekana lote, au vile visiwa vinalikinga? Machibya anasema jioni unaliona hata paa letu.

Napanda Alhamisi ya tarehe 20, nashuka Jumamosi. Wapo walimu wanne wa kike nitakaofuatana nao, kwa hiyo usiniwazie fisi.

Sasa ile sababu. Mwaka jana nilikwambia Faith ameacha kunyonya. Ukafurahi, ukamletea kuku wa kumpongeza kama ulivyowafanyia wajukuu wote. Katika barua yako ukauliza nilifanyaje hata akaacha upesi hivyo. Mama, nilikudanganya. Hakuacha. Ana miaka mitatu kasoro miezi miwili na bado ananyonya, kila akishtuka usiku. Shubiri nilipaka. Alikunja uso, akaifuta kwa gauni langu, akaendelea. Nimechoka mpaka nasahau majina ya wateja. Na kila nikimtazama yule kuku naona aibu, ndiyo maana sikuandika.

Najua utasema nimlete kwako wiki mbili asahau, maana ndivyo sote tulivyoachishwa. Hapana, mama. Mimi nilikuwa mkubwa kama yeye uliponipeleka kwa bibi. Nakumbuka nilikaa kwenye lango la zizi kila jioni nikidhani umekufa, na hakuna aliyeniambia vinginevyo. Sikulaumu, ulifanya ulivyofanyiwa. Lakini Faith hatolewi kwenye kitanda chake. Nitaondoka mimi. Yeye abaki nyumbani na baba yake, kuku wake, na wewe. Akilia mbebe, usimfiche kitu: mwambie mama yuko kule juu, atashuka Jumamosi. Nesi wa kliniki ameshanielekeza kukamua kidogo nikivimba, kwa hiyo hilo lisikusumbue.

Basi njoo Jumatano ya tarehe 19. Daraja lipo, siku hizi huwezi kusingizia kivuko.

Mama mdogo Selina nisalimie sana. Luhende msalimie bila kumweleza kitu. Jonathan anakuamkia, na Faith anauliza kama goti lako linaweza kucheza naye. Mungu akutunze mpaka ufike mlangoni kwangu.

Mwanao,
Odeta

Vitu nilivyobakiza kutafuta ni hivi, vitangulize kwa yeyote anayevuka kabla ya Jumatano: koti zito la marehemu baba, lile la kuchungia ng'ombe. Kamba ya katani, mita kumi. Sufuria yako ndogo yenye mfuniko. Chumvi ninayo. Na tochi kubwa zenye betri mpya, mbili, si moja. Ile ya simu yangu nimeijaribu, haimuliki hata mpaka zizini. Saa moja jioni nitawasha mara tatu kutoka kwenye mawe ya juu. Ya pili ni ya Faith, anijibu.