Kisanduku Katikati ya Jina

Taloyoak, 4 Februari 2014

Mwanangu Tiriaq,
Hujambo? Na tumbo je? Sisi wazima, ila upepo haujatulia tangu ndege ikuchukue kwenda hospitali. Masikio yangu ndiyo yamekwisha, simu siisikii tena. Mwalimu Anaija ameweka herufi za lugha yetu kwenye kompyuta yake, nami naandika mwenyewe. Nimeota marehemu wetu mmoja kaingia na theluji mabegani, akakaa. Anataka kurudi kwetu. Mtoto akizaliwa, mwite sikioni: Ki▢k. Usikosee. Unajua watoto wanavyosumbuka wakiitwa jina la mwingine.
Mama yako

Yellowknife, 9 Februari

Mama,
Shikamoo. Habari za nyumbani? Nimejifungua jana, mvulana. Mimi sijambo. Nilimwita kama ulivyoagiza, lakini hanyonyi, anageuzia uso ukutani. Wanamlisha kwa mpira wa puani. Daktari anasema tusubiri. Nikimuuliza tusubiri nini, anaangalia karatasi zake.
Binti yako

Taloyoak, 11 Februari

Mwanangu,
Pole. Umekula? Barua yako nimeisoma nimesimama. Mwambie kaka yako huyo kwamba mama hana kinyongo. Nilimkataza kuvuka ghuba Oktoba, barafu ilikuwa changa. Akacheka, akasema, “Mama, nitarudi chai ikiwa moto.” Sikumjibu. Mwambie ndilo linaloniuma.
Mama yako

Yellowknife, 11 Februari, jioni

Mama,
Shikamoo. Naandika kwa herufi za kizungu, Anaija akusomee kwa sauti kubwa. Umesema kaka? Simu yangu haina herufi yetu ya “hu” wala ya “shru”. Zote mbili huja kisanduku kitupu, nami hukisia. Nilidhani ni babu Kihuk, nikamwita hivyo. Ulimaanisha Kishruk? Tangu barafu imchukue hujalitamka jina lake mbele yangu, nami sikuthubutu. Nijibu upesi. Leo mtoto amepungua uzito tena.
Binti yako

Yellowknife, 14 Februari

Mama,
Shikamoo. Mbona kimya? Ni upepo, au u mgonjwa? Walikuwa wamesema kesho watamhamishia hospitali kubwa ya Edmonton. Nimeshindwa kungoja. Asubuhi nilimwinamia nikamwita Kishruk. Hakutikisika. Nikaendelea kumsemesha kama nilivyozoea kumsemesha kaka, nikamtania kuhusu ile pikipiki ya theluji aliyoigonga ukutani kwa kanisa. Akageuza uso, akanitazama. Mchana amenyonya, kidogo tu. Daktari anasema ni dawa. Sibishani naye. Edmonton wameahirisha. Lakini naogopa, mama. Je, babu nimemfukuza?
Binti yako

Taloyoak, 16 Februari

Mwanangu Tiriaq,
Mnaendeleaje? Amenyonya tena? Upepo uliangusha mtambo wa mawasiliano, barua zako zote mbili nimesomewa leo. Rubani anasubiri kukuletea barua hii, nami naiandika kwa kalamu, ambayo haijawahi kukosa herufi zetu.
Niliyemwota ni Kishruk. Lakini baba yangu Kihuk ameitwa, akaitika, na hapa kwetu aliyeitwa hatumrudishi mlangoni. Mtoto abebe majina yote mawili. Babu yako alikuwa mkaidi wa chakula tangu nimjue, pengine siku zile sita zilikuwa zake.
Jina la kaka yako sikuwa nimeliandika kwa mkono tangu Oktoba. Safari hii utalisoma. Mkimaliza huko, njooni nyumbani.
Mama yenu