Kinyumenyume kwenye Barafu

Mpendwa mshauri Mama Achola, salamu katika jina la Bwana, kila Jumapili ninakusikia kwenye redio nikiwa napika, na leo ni zamu yangu kulia kwako, naomba msaada kabla mtoto yangu hajawajibu watu wa Amerika, maana wanataka jibu Jumatatu.

Mimi ni Mkongo wa Walungu, nakaa Auburn, huku nchi ya kangaruu, shule niliacha mapema kwa hiyo unisamehe mwandiko. Mtoto yangu anaitwa Lazare, ni beki wa mchezo wa barafu, ule wa fimbo na viatu vya visu, aliujua wakati nilikuwa nasafisha kiwanja cha barafu na sikuwa na mtu wa kumwachia, watu wakamwazima viatu, mimi napiga deki, yeye anaanguka, anaamka, mpaka siku moja nikainua kichwa na haanguki tena. Alipokuwa mkubwa akaenda kucheza Amerika, si ile ligi kubwa ya televisheni, hapana, ni ligi ndogo ya miji midogo, wanalala kwenye basi na theluji imefika dirishani, lakini ni kazi, wanamlipa, na mimi nikilisema jambo hilo kanisani sauti yangu inapanda yenyewe.

Sijui kama umewahi kumwona beki wa barafu. Wengine wanakimbia mbele, yeye anakimbia kinyumenyume. Mtu mkubwa kama mlango anamjia mbio na paki, kile kidude cheusi wanachopiga badala ya mpira, na Lazare anarudi nyuma akimtazama kifuani, hana haraka, anamsogeza pembeni kidogo kidogo kama unavyopeleka ng'ombe zizini, yule anashtukia amefika ukutani. Na paki ikipigwa, Lazare anajilaza mbele yake impige yeye mbavu, isifike kwa kipa. Magoli hafungi, jina lake halitangazwi, lakini kipa anakuja kumgongagonga miguu kwa fimbo kumshukuru, nimeona kwenye simu kwa macho yangu.

Sasa shida. Wewe Mwafrika unajua, kwetu mtoto akitembea kinyumenyume anamwitia mama yake kifo. Hata mimi nilimkataza hivyo alipokuwa mdogo, na nilipomwona mara ya kwanza akirudi nyuma kwenye barafu nikamwambia wee, unataka kunizika, tukacheka. Corona ilipofunga ligi yake akarudi nyumbani, akapata kazi ya godauni huko Villawood, akangoja. Halafu mwaka huu, wakati mitaa yetu imefungwa na helikopta ya polisi inazunguka juu ya nyumba, corona ikanishika mimi, nikapelekwa hospitali, nikawekewa oksijeni. Wamama wa kanisa wakaniombea kwa simu, wote kwenye laini moja, na hawakujua Lazare naye anasikiliza kutoka nyumbani. Katikati ya maombi Mama Léocadie akasema, "Tunafunga na kuomba bure. Mtoto anatembea kinyumenyume miaka yote hii, mnategemea nini?"

Mimi nilikuwa na oksijeni puani, nikasikia yote.

Nilipona, Mungu ni mkubwa. Viwanja vikafunguliwa, mipaka pia, ekipe yake, ile timu ya Amerika, inamwita. Lakini juzi Ronnie anayemfundisha hapa akanipigia, anasema Mama, Lazare hataki tena kurudi nyuma, mtu akimjia anageuka na kukimbia mbele, wanampita kama hayupo, akienda Amerika hivi hawatakaa naye hata wiki. Nikamuuliza mtoto jikoni. Yeye ambaye nikisema Kiswahili ananijibu Kiingereza tangu ana ndevu mbili, siku hiyo akanijibu kwa Kiswahili.

"Barafu iko nyingi, Mama. Wewe uko mmoja."

Mshauri, nikimwambia maneno yale ni ya uongo, ataona usoni kwangu kwamba mimi mwenyewe naogopa. Nikinyamaza, nitakuwa nimekula kazi ya mtoto yangu. Nifanye nini?

Maman Chibalonza, Auburn

Mama Lazare,

Pole kwa ugonjwa, na hongera kwa kijana huyo. Mtu anayeweka mbavu zake mbele ili kipa asiumie, halafu akaweka na kazi yake mbele ili mama asiumie, alilelewa na mtu mwenye akili. Usiniombe tena msamaha wa shule.

Sasa nikugombeze. Nje ya redio mimi ni muuguzi. Mwaka huu nimewawekea wamama wengi oksijeni, na watoto wao ni madereva, ni makarani, wote wanatembea mbele. Corona haikuuliza. Huyo Mama Léocadie mpigie leo, mwambie amwombe Lazare radhi yeye mwenyewe.

Hata kwetu Kisumu tulikatazwa hivyo hivyo. Mpaka nilipozaa ndipo nikaelewa. Mtoto anayerudi nyuma haoni moto wala shimo. Mwambie ataumia, hakusikii. Mwambie mama atakufa, anasimama papo hapo. Ule ni uzio wa mtoto mdogo, dada yangu. Wewe uliuweka, mtoto akakua, ukasahau kuuondoa. Na hatauondoa pasta, wala Ronnie, wala mimi.

Unaogopa? Ogopa. Beki wako haoni kilicho nyuma yake na bado anakwenda, unadhani yeye haogopi?

Kwa hiyo usimhubirie. Jumatatu bado, Jumamosi inatosha. Vaa koti zito na barakoa, nenda kiwanjani. Ronnie akutandikie zulia kwenye barafu, pale mbele ya goli, maana ukivunjika nyonga Léocadie atapata la kusema. Simama hapo. Lazare aanzie upande wa pili, akupe mgongo, aje kinyumenyume mpaka mgongo wake uguse viganja vyako. Mwite jina njia nzima ajue uko wapi. Akifika, mpe baraka ya safari kama mnavyotoa kwenu. Ya kutemea mate iache, bado kuna corona, kunyunyiza maji kunatosha.

Kisha nyamaza. Ageuke mwenyewe, akukute umesimama, mzima.