Caren Aliniambia Nisizime

Jumatatu, 1 Machi 2004

Stima imepotea mara mbili leo. Jioni nimezima kama kawaida yangu: kompyuta, skrini, halafu swichi ya ukuta. Kwetu hakuna kitu kinalala kikiwa kwa stima, mama angekufokea mpaka kitandani.

Caren wa mapokezi amenicheka mpaka machozi. Ati kompyuta si pasi! Ati binamu yake wa Kilimani, anayefanya kazi na hizi mashine, anasema kuwasha na kuzima kila siku ndiko kunaziua. Zinapata moto, zinapoa, zinapata moto tena, mwisho kitu ndani kinapasuka.

"Philister, zima skrini peke yake. Hiyo ingine wacha. Utanishukuru."

Haya. Nimeiwasha tena, nikazima skrini peke yake, nikafunika na kitambaa alichonifumia Krismasi, kile cha maua ya zambarau. Miaka sita ofisi moja. Yeye ndiye aliniletea hii kazi, mimi ndiye nilimsimamia mtoto wake Ivyne ubatizo. Bado ananifundisha vitu. Mungu alinipa dada.

Alhamisi, 4 Machi

Raha! Hakuna kungoja iwake, hakuna password. Natoa kitambaa, nawasha skrini, kazi iko pale pale nilipoiachia.

Nimechapa barua ya Mama Nanyama, yule mjane wa Kangemi ambaye shemeji zake wanataka kuuza ploti yake. Majina ya mashahidi wetu wawili yako ndani. Wakili Mungai, bosi wetu, amesema mtu asiione mpaka kesi, tarehe kumi na tano. Mimi na yeye tu. Nimesema sawa.

Jumatatu, 15 Machi

Kesi imeharibika. Shahidi wa kwanza ameenda ushago ghafla, kijijini kwao, simu imezimwa. Wa pili amesimama mbele ya jaji akasema hakumbuki kitu. Hakumbuki! Mtu aliyekunywa chai yetu wiki mbili zilizopita akieleza mpaka rangi ya mlango wa Nanyama.

Mungai amerudi, chai hakugusa. Ameniuliza nani alisoma ile barua. Nikasema mimi na wewe, Wakili.

"Basi," akasema.

Hiyo basi yake naisikia mpaka sasa.

Jumanne, 16 Machi

Ameniita. Ati upande ule mwingine wana nakala, neno kwa neno, na barua iko kwa mashine moja tu. Yangu. Nina mpaka Ijumaa nimweleze ilitokaje. Nikishindwa, nitafute kazi kwingine, na barua ya kunisifu hataandika.

Nina watoto wawili mimi. Nani ataajiri mchapaji anayeuza siri za mjane?

Caren amenikumbatia kule chooni. Amelia kuliko mimi. Ati ataniombea, ati Mungai amezeeka, anashuku kila mtu. Amenikaangia mayai kwa lile jiko letu dogo la stima. Nikala.

Jumatano, 17 Machi

Acha niandike polepole, nisiache kitu.

Kompyuta imekwama tangu asubuhi. Unabonyeza herufi, unangoja, unakunywa maji, ndiyo inatokea. Nikamwita fundi Ndungu. Ameuliza niliizima lini mara ya mwisho. Mimi kwa majivuno: sijaizima tangu mwezi uanze!

Ndungu ameshika kichwa. "Ai, mathe! Hata wewe si unalala?"

Amesema ya ofisi huzimwa kila jioni. Ukipenda sana kuiacha, basi uizime na kuiwasha upya walau mara moja kwa wiki, maana inajaa takataka ndani na inachoka. Hiyo hadithi ya kupasuka ni ya mashine za zamani. Nikamwambia nimefundishwa na mtu anayejua. Akacheka tu.

Halafu akafungua orodha fulani aone nini kinaikaba. Akauliza kama huwa nafanya kazi Jumamosi. Nikasema ofisi inafungwa saa sita. Akanionyesha.

Barua ya Nanyama. Imefunguliwa na kuprintiwa Jumamosi tarehe sita, saa nane na dakika kumi mchana.

Saa nane hiyo nilikuwa kanisani Mountain View, mazoezi ya kwaya. Mungai alikuwa Nyeri kwa ruracio, sherehe ya mahari ya mpwa wake. Funguo za ofisi ziko mbili. Ya Mungai, na ya Caren.

Na siku hiyo aliniandikia SMS! Bado ninayo. "Mwimbe vizuri my dear, mko hapo mpaka saa ngapi?" Nikamjibu mpaka saa kumi. Mjinga mimi!

Ndungu, huku akifunga begi lake: ungekuwa unazima, yeyote yule angehitaji password.

Hakuwa ananifundisha. Alikuwa ananiambia niache mlango wazi, na mimi nikasema asante. Na mayai yake nikala!

Alhamisi, 18 Machi

Nimemsalimia. Sijui nimewezaje. Nimemwambia, kwa sauti, Wakili anapeleka kortini barua mpya ya Nanyama, na shahidi mwingine amepatikana, na nimeshaichapa. Amesema Mungu ni mwema.

Nimemwambia pia kesho niko kliniki na mtoto. Mungai nimemwomba aseme atakuwa kortini, tukutane nje. Amekubali, lakini uso wake hapana.

Jioni nimezima kila kitu. Mpaka ukutani. Kitambaa juu, vile vile.

Ijumaa, 19 Machi

Niko hotelini, huku chini karibu na soko. Mungai yuko mbele yangu na gazeti. Nimemweleza yote. Amesema, "Caren? Caren aliyekuleta kwangu?" Amesema fundi anaweza kusema lolote akilipwa. Amenipa mpaka saa tano, akajificha nyuma ya gazeti. Naandika ili mikono ifanye kitu.

Saa nne na nusu. Hakuna kitu. Labda nimemkosea. Eh Mungu, natamani nimemkosea.

Saa tano kasoro kumi. Simu yangu imelia. SMS ya Caren.

"Phil umezima mashine?? Si nilikwambia itaharibika! Nipe password haraka, Wakili amepiga kutoka kortini anataka ile barua ya Nanyama."

Wakili hajapiga. Simu yake iko hapa, kando ya sukari.

Nimeisoma mara tatu. Mungai amekunja gazeti. Anauliza ni nani huyo.

Password yangu ni Ivyne, jina la mtoto wa Caren.