Pipa la Maji ya Mvua

Lisekese, Masasi
14 Novemba

Mdogo wangu Anthony,

Shikamoo yako niliipata katika simu; marahaba. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na watoto pia. Mimi ni mzima wa mwili, na uzima huo umeanza kunitia aibu. Habari za shemeji yako Severina si njema.

Juzi tulirudi kutoka hospitali ya Ndanda, alikolazwa wiki mbili. Tumbo lake limejaa maji, macho ni ya manjano, na hujikuna mpaka damu. Jana aliniita kwa jina la marehemu baba yake. Daktari alisema ini halitapona, tumlaze nyumbani na tumpe anachotaka. Anataka kisamvu, lakini kijiko kimoja kinamshinda.

Majirani wanalo jibu lao. Mama Ziada aliwaambia wanakwaya kwamba uraka, pombe ile ya mabibo, haufichiki, kwamba Severina alikuwa akijinywea jikoni nikiwa katika mikorosho, na kwamba Mwalimu, yaani mimi, alisahihisha madaftari ya wote akasahau kukagua vibuyu vya nyumbani kwake. Walicheka sana. Severina alisikia, akaniomba niwaambie kwamba hajawahi kuonja hata tone. Sikuwaambia. Walipokuwa wakiutazama uraka, hapakuwa na aliyelitazama pipa.

Pipa hilo nililipata katika karakana moja mjini iliyokuwa ikifungwa. Lilikuwa la dawa ya kusafishia grisi. Nililisugua kwa mchanga na majivu, nikalianika siku tatu, kisha nikaliweka chini ya bati likinge maji ya mvua. Severina alisema maji yake yana harufu tamutamu ya karakana. Nilimkemea mbele ya wageni, nikasema kwamba mtu aliyezoea kuchota bondeni hatambui maji safi. Hakurudia tena. Aliyanywa.

Daktari aliuliza tunahifadhi maji katika nini. Nilipomtajia pipa, alinieleza taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa darasa la sita. Tunachokula na kunywa hupita kwanza katika ini, nalo huvunja sumu ili mwili uitoe. Lakini dawa ile ikivunjwa huzaa sumu kali kuliko yenyewe, humo humo ndani ya ini. Basi ini hujiua kwa kufanya kazi yake. Tena dawa hiyo ni nzito kuliko maji, hukaa chini, na ikichemshwa huondoka na mvuke. Mimi hunywa chai tu. Severina hunywa maji mabichi, na kiangazi hiki alikuwa akikwangua ya chini kabisa.

Anthony, mapipa yalikuwa mawili. La pili ndilo nililokuletea Newala ulipomaliza nyumba, kwa kuwa huko juu maji ni ya mvua au ya kununua, nami nilitaka nionekane kaka. Ulipoandika kwamba mkeo Getrude anachoka, na mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi, nilikujibu: mnyweshe maji mengi. Siku hiyo nilikuwa sijui. Kesho yake nilijua. Zimepita siku kumi na tatu. Nimekupigia mara nne, na kila mara niliuliza habari za mvua.

Nikolao wa bodaboda ndiye anayekuletea barua hii. Nimemwagiza asiondoke mpaka ulitoboe pipa mbele yake, mbali na bustani. Mpeleke Getrude hospitali leo, ulitaje pipa wewe mwenyewe, wasije wakamwuliza habari za pombe. Nilimwuliza daktari kama mtu aliyefikia hapo hurudi. Alitazama dirishani.

Jumapili nitasimama kanisani na kulisafisha jina la Severina. Sidhani kama yeye mwenyewe atakuwa hai anisikie. Asubuhi hii akili ilimrudia kidogo, nikamwambia kuhusu pipa la pili. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama Getrude naye hunywa maji mabichi.

Wasalimie watoto. Ukinijibu, usianze na shikamoo.

Kaka yako,
Dastani