Mama Bertille kwenye diapo ya nne

Jumatatu, 6 Mei 2024

Wageni kutoka Lubumbashi, wale wafadhili, watafika Alhamisi ya wiki ijayo. Papa Salomon, mkubwa wetu wa shirika, ametuita biro, ofisini kwake, asubuhi na kufunga mlango. Wageni wana mabati ya mradi mmoja tu. Wetu, au ule wa shirika la Kabimba. Mji umekwisha kutoa viwanja kilimani kwa familia za ufukoni ambazo ziwa limeziingilia ndani ya nyumba. Kinachokosekana ni mabati na misumari. Bila hayo, mvua zikirudi zitawakuta majini bado.

Akauliza nani atasema mbele ya wageni. Kila mtu anakumbuka mwaka jana: Papa Salomon mwenyewe aliwapa wageni mgongo, akasoma diapo, kurasa zile zinazomulikwa ukutani, neno kwa neno, mpaka mmoja wao akakoroma. Mardochée, mhasibu, akasema: "Mumupe Chancelle, yeye ana sauti ya kwaya."

Nimekubali. Naweza. Najua naweza!

Jumatano, 8 Mei

Diapo za mwaka jana zilikuwa msitu. Nimekata, zimebaki nane. Kila diapo jambo moja. Herufi kubwa, hata aliyekaa nyuma kabisa asikunje uso. Na nisisome — niseme nikiwatazama.

Vita vya leo: diapo ya kwanza. Papa Salomon anataka majina ya wakubwa wote pamoja na vyeo, kuanzia gavana. Nimemwambia nitawataja kwa mdomo. "Mukubwa anapenda kuona jina lake, mutoto wangu." Tumepatana: kwa mdomo, lakini ole wangu nikisahau mmoja. Nimeyakariri nikiosha vyombo.

Ya nne ndiyo moyo wa kazi. Picha niliyopiga mwezi uliopita nyumbani kwa Mama Bertille, mmoja wa wale wa ufukoni. Amesimama jikoni, maji magotini, nguo ya kulalia imelowa, kichwa wazi, mkono mmoja umeshika ukuta. Hakujua ninapiga. Nimemwonyesha Mardochée na hata mzaha hakufanya. Basi. Haihitaji neno.

Ijumaa, 10 Mei

Mazoezi biro, shuka jeupe ukutani. Umeme ulikuwapo, retro, taa ya kumulika diapo, ikakubali. Papa Salomon alikuwa amemwalika Mama Bertille, kwa kuwa ndiye atakayekaa mbele Alhamisi kwa niaba ya familia za ufukoni. Sikuwa na habari mpaka alipoingia.

Nilisema vizuri. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikabonyeza — picha. Mama Bertille akasimama.

"Njo mimi huyu?"

Nikasema ndiyo, Mama.

"Na nguo ya kulalia! Kichwa wazi! Mbele ya watu wa Lubumbashi!" Akanigeukia. "Angekuwa Mardochée, ningesema mwanaume, hajui. Lakini weye, Chancelle? Mama yako akisikia kuna picha, si anakwenda kusuka kwanza?"

Papa Salomon akamweleza polepole kwamba huruma ndiyo inaleta mabati. Akajibu: "Picha sikatai, Papa. Nakataa ile." Akachukua mkoba wake, akatoka.

Lakini kazi ni kazi. Nimerudia tangu mwanzo, nikaruka ya nne. Bila diapo ya nne, hotuba inayumba kama meza ya miguu mitatu.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya misa nimemkuta Mama Bertille ananingoja nje. Amevaa kikwembe, kitenge cha wamama wa parokia, kile cha sikukuu, bluu. Kitambaa cha kichwa kimefungwa juu. Hereni. "Twende. Leo utanipiga vizuri."

Tukashuka ufukoni. Akafungua jiko lake, akaingia majini na kikwembe kile kile, hakukipandisha hata kidogo. Nikamwambia: Mama, kitaharibika!

"Piga."

Alinitazama moja kwa moja. Hakutabasamu. Nyuma yake masufuria yananing'inia kwenye misumari, yanang'aa, yote yamepangwa kwa ukubwa. Picha ya mwezi uliopita haikuonyesha masufuria. Au mimi sikuyaona.

Jumatatu, 13 Mei

Papa Salomon ameitazama sana picha mpya. "Huyu anakwenda ndoa. Nani atamupa bati?" Mardochée akadakia: labda wageni ndio watamwomba yeye mabati! Wakacheka. Nami nilicheka kidogo, kusema kweli. Amri: rudisha ile ya zamani.

Sikukataa, sikurudisha. Kwanza nijaribu. Nimechukua simu, nikawaonyesha watu picha zote mbili. Mado anayekaanga mandazi mbele ya biro: ile ya zamani, "Maskini, pole yake," akarudi kwenye mafuta yake. Ile mpya: "Ee! Huyu mama anafanya nini ndani ya maji na kikwembe cha sikukuu? Njo nyumba yake? Maji yaliingia lini? Na sasa analala wapi?" Mandazi yakaanza kuungua!

Kisha mlinzi. Kisha Fanny wa fotokopi. Vilevile. Ya zamani inaleta pole, na pole ikishasemwa mtu amemaliza. Mpya inaleta maswali. Nami nataka waulize. Majibu ninayo yote!

Jumatano, 15 Mei

Nimemweleza Papa Salomon kwa utaratibu. Amenisikiliza mpaka mwisho, hilo simnyimi. Halafu: "Mabati yakienda Kabimba, weye mwenyewe utashuka ufukoni kuwaambia." Nikasema nitashuka.

Nikarudi mezani, nikafuta ile ya zamani. Kwenye mashine, kwenye flashi, kwenye simu.

Viatu vimepakwa rangi. Sauti iko sawa. Majina ya wakubwa: wote.

Alhamisi, 16 Mei

Ukumbi wa parokia. Naandikia gotini. Kijana wa mradi wa Kabimba amemaliza sasa hivi. Watoto wanaolia, picha baada ya picha, na muziki wa huzuni juu yake. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, alifuta machozi. Papa Salomon akanigeukia: "Umeona?" Nimeona.

Mama Bertille amekuja na kikwembe kile kile. Amekifua na kukifua, anasema, lakini maji ya ziwa yameacha alama: mstari wa kahawia kwenye magoti, umenyooka kama wa rula. "Haitoki. Basi ibaki." Nimemwomba akae kiti cha mwisho cha safu ya mbele, karibu na ukuta wa picha, ili picha na mstari vionekane pamoja. Amenitazama kidogo, akahamia.

Mardochée yuko kwenye mashine. Papa wa protokole anatangaza shirika letu. Yule mama mwenye miwani amemwinamia Mama Bertille, ananyoosha kidole kwenye ule mstari, anauliza kitu. Mama Bertille anajibu, mkono wake unapima kina cha maji hewani: hapa, mpaka hapa. Mgeni mwingine anasogeza kiti asikie. Na hata diapo ya kwanza haijafunguliwa!

Jina langu limetajwa. Gavana, meya, padri — ninao wote. Nasimama, na hakuna anayenitazama mimi —